Hewa inapobanduka kwenye panga la mtambo wa upepo

Baada ya kuiga kwa kompyuta mtiririko wa hewa kwenye panga, kitu cha kwanza ninachokitazama ni mahali hewa inapobandukia, yaani inapoacha kufuata uso wa panga, kabla hata ya nguvu ya kuinua. Nguvu ya kuinua inaweza kutoka sahihi kwa sababu makosa mawili yamefutana.

Tuchukue S809, umbo lenye unene wa asilimia 21 lililobuniwa Marekani na kupimwa Delft, Uholanzi. Pembe kati ya upepo na panga ikiwa chini ya nyuzi 5, hewa ni tulivu, bila msukosuko, katika nusu ya mbele. Kwenye nyuzi 9, asilimia 5 hadi 10 ya mwisho ya uso wa juu imeshabanduka. Kwenye nyuzi 15 mbanduko umefika katikati. Kwenye nyuzi 20 karibu uso wote umeachwa. Ukiona robo ya nyuma tu imebanduka kwenye nyuzi 15, usiiamini grafu nyingine yoyote.

Ili upaone mahali hapo, chora msuguano wa ukutani, yaani wa hewa dhidi ya uso wa panga, kufuata uso wa juu, utafute unapobadilika alama (chanya kuwa hasi au kinyume chake). Ukibadilika kisha ukarudi, hicho ni kiputo cha mpito tu, pale hewa tulivu inapogeuka ya msukosuko, na hewa imeshika tena. Kwenye OpenFOAM, programu ya kuiga mitiririko, angalia vizuri: wallShearStress, yaani msuguano huo, hutoka na alama iliyogeuzwa.

Meshi, yaani wavu wa seli ndogo ambamo hesabu hufanyika, ndiyo inayowaangusha wengi. Kwa namba ya Reynolds (kasi mara upana, kugawanya kwa mnato wa hewa) ya milioni 2, panga la upana wa mita 1 na upepo wa mita 30 kwa sekunde, seli ya kwanza naiwekea kimo cha milimita 0.01. Hesabu ya bamba bapa inaruhusu zaidi kidogo, lakini nyuma tu ya ukingo wa mbele hewa hukimbia kuliko upepo wenyewe, na y+ (kimo cha seli ya kwanza kikipimwa kwa kipimo cha tabaka la hewa la ukutani, kisichotakiwa kuzidi 1) hupita 1 hapo kwanza. Kila seli iwe kubwa kuliko iliyotangulia kwa mara 1.15 au chini. Mpaka wa nje uwe mbali, angalau mara 50 ya upana. Ukiusogeza karibu unabadilisha pembe ya upepo bila kujua.

Modeli ya k-omega SST, inayokadiria msukosuko wa hewa, huchelewesha mbanduko, kwa kuwa mnato wa msukosuko unakuwa mwingi mno na hewa ya karibu na uso inapata nguvu isiyostahili. Wapo wanaoshusha a1, namba ya modeli hiyo inayowekea mnato huo kikomo, kutoka 0.31 hadi 0.28. Husaidia, ila ulinganishe na vipimo vya umbo lako. Kwenye pembe ndogo tatizo ni jingine: ukichukulia msukosuko tangu mbele, ukinzani unazidi. Weka modeli ya mpito, inayokadiria hewa tulivu inapogeuka ya msukosuko, na upime msukosuko pale panga lilipo, maana hufifia njiani tangu mpaka ambako upepo unaingilia.

Matokeo yakianza kuyumba bila kutulia, hamia hesabu ya kufuata wakati, hatua ya sekunde 0.0003 kwa mfano huu. Kupita nyuzi 20, hesabu ya pande mbili hutia chumvi: mizunguko ya hewa haina pa kuvunjikia. Hapo natumia DDES ya pande tatu, njia inayoiga mizunguko mikubwa moja kwa moja mbali na uso, kwa kipande cha panga chenye urefu usiopungua upana wake.

Panga linalozunguka lina jambo lake. Majaribio ya NREL, maabara ya nishati ya Marekani, kwenye handaki la upepo la NASA Ames mwaka 2000 yalionyesha nguvu ya kuinua karibu na kitovu ikizidi sana ile ya pande mbili. Sahihisho la Snel, kanuni ya kurekebisha nguvu hiyo, huongeza 3(c/r)² ya tofauti kati ya nguvu isiyo na mbanduko na ile iliyopimwa kwa pande mbili. Hapa c ni upana, r umbali kutoka kitovuni. Lisitumike nchani, ambako mtiririko hutawaliwa na mzunguko wa ncha yenyewe.