Ligi ya Championship Tanzania: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mkanganyiko kuhusu Championship, ligi ya soka iliyo chini ya Ligi Kuu, unaanzia kwenye jina. Wapo wanaoamini kwamba Ligi Daraja la Kwanza ilifutwa, na wapo wanaodhani kwamba First League ya leo ndiyo hiyo hiyo Daraja la Kwanza ya zamani, kwa kuwa majina yanafanana. Ukweli ni kwamba ligi ya ngazi ya pili ilibadilishwa jina tu kuanzia msimu wa 2021/22 ikaitwa Championship, na iliyokuwa Daraja la Pili, yaani ngazi ya tatu, ndiyo ikaitwa First League.

Wengi hudhani pia kwamba anayekosa nafasi mbili za juu amekosa kila kitu. Timu mbili za kwanza hupanda Ligi Kuu moja kwa moja, lakini ya tatu na ya nne hukutana katika mtoano, na mshindi huivaa timu ya Ligi Kuu iliyoshindwa katika mtoano wa wale waliomaliza nafasi ya 13 na ya 14. Mwaka 2023 Mashujaa ya Kigoma ilipita mlango huo mwembamba kwa kuitoa Mbeya City.

Dhana inayoniuma kuliko zote ni ile isemayo kwamba kupanda daraja hununuliwa na hakuna anayeguswa. Upangaji wa matokeo umewahi kutokea, na kuukana ni kuwakosea wachezaji wanaojituma kwa haki. Lakini si kweli kwamba haukuadhibiwa. Msimu wa 2015/16, ligi ilipochezwa kwa makundi matatu na kinara wa kila kundi kupanda, mechi mbili za siku ya mwisho katika Kundi C zilimalizika kwa mabao 8-0 na 7-0. Shirikisho la soka nchini, TFF, likazishusha daraja timu zote nne zilizohusika, na nafasi ya kupanda ikaangukia Mbao FC ya Mwanza, ambayo haikuwa hata miongoni mwa zilizowania uongozi wa kundi siku hiyo. Mwaka uliofuata, Mbao hiyo hiyo iliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini na kucheza fainali na Simba mjini Dodoma, ikafungwa 2-1.

Kwa hiyo hata kauli kwamba wanaopanda ni wasindikizaji inahitaji kupimwa kwa mifano. Ni kweli kwamba Ken Gold, mabingwa wa Championship wa 2023/24, walishuka baada ya msimu mmoja tu. Hata hivyo Mbeya City, katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, ilimaliza ya tatu, juu ya Simba.

Na timu kubwa ikishuka, je, imekwisha? Mtibwa Sugar, mabingwa wa nchi wa 1999 na 2000, walishuka mwaka 2024 na kurejea mwaka uliofuata wakiwa mabingwa wa Championship. Pamba ya Mwanza haikuwa na bahati hiyo: iliporudi Ligi Kuu mwaka 2024, ilikuwa imekaa nje kwa zaidi ya miaka 20, na mashabiki waliozaliwa baada ya kushuka kwake walikuwa wameshakuwa watu wazima.