Sehemu ya Pili Unayo?

Tulikuwa sita mbele ya kompyuta moja, chumba cha kupanga Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, upepo ukigonga bati. Mvulana kwenye filamu akakimbia hadi baharini, akageuka kututazama, picha ikaganda usoni pake. Mwisho. Jirani yangu akasubiri kidogo, kisha akauliza: "Sasa sehemu ya pili unayo?"

Hiyo ndiyo dhana ya kwanza potofu kuhusu filamu hizi za taratibu, za vijana wapweke: kwamba huwa hazijaisha. Simlaumu. Tumekulia kwenye Bongo Movie za diski mbili, ya kwanza inakatwa pale patamu. Lakini The 400 Blows ya François Truffaut (1959) haina deni. Antoine, yule mvulana, katoroka kituo cha watoto watukutu, amefika kwenye bahari aliyoitamani muda wote, na mbele hakuna pa kukimbilia tena. Sura ile iliyoganda ndiyo jibu lenyewe. (Kweli, Truffaut alimrudia Antoine mara nne baadaye, na mapenzi yake yasiyotulia. Nilipomweleza jirani, akapiga meza: "Si nilikwambia!")

Wengine husema hazina stori. L'Avventura ya Michelangelo Antonioni ilizomewa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1960, halafu ikaondoka na tuzo ya majaji. Msichana anapotea kisiwani, hapatikani, na katika kumtafuta mpenzi wake na rafiki yake wanapendana. Stori ipo hapo: rafiki anafika mahali anaogopa mwenzake asije akaonekana yu hai. Hayo hayahitaji bastola.

Ya kwamba upweke wa vijana ni mambo ya Wazungu, hapo nabisha kabisa. Tazama Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Yasmin, binti wa Kihindi katika Zanzibar ya miaka ya 1950, anaozwa kwa mwanamume mzee, anakimbia, anaangukia kwa Denge, mpigania uhuru. Nyumbani hawamtaki, na huyo ampendaye ana polisi nyuma yake.

Hiyo nayo tuliitazama palepale. Binti mmoja wa Kondoa, aliyekaa kimya jioni nzima, akasema likizo iliyopita shangazi zake walimuuliza habari za ndoa kabla hajatua begi. Akaomba turudishe mwanzo.