Utata si ugumu

Juzi tena, kikaoni, nimemsikia bwana mmoja akisema kompyuta hazikielewi Kiswahili kwa sababu "kina utata mwingi". Mfano alioutoa ni neno hatutawapikia. Eti refu mno.

Utata ni neno au sentensi moja kubeba maana zaidi ya moja. Basi.

Neno lenyewe linajieleza. Shina ni tata, la uzi uliojisokota usijulikane unaanzia wapi. Humo mna tatana, tatanisha, tatiza, na kwa tatiza tukapata tatizo. Tatua imevaa kile kiambishi cha kutengua tunachokiona katika fungua na zibua: kutatua ni kuukunjua uzi. Nadhani ndipo watu wanapopotea. Tatizo na utata ni ndugu, wao wakadhani ni mtu mmoja. Lakini uzi mrefu si lazima uwe umetatana.

Tulikate basi: ha-tu-ta-wa-pik-i-a. Vipande saba, kila kimoja na kazi yake, na programu ikifundishwa kuvitenga inavitenga. Ajabu ni kwamba neno hilo kweli lina utata, ila bwana yule hakuuona. Tusiowapikia ni wao au ni nyinyi? Kiambishi -wa- hakisemi. Sema hatutampikia, vipande ni saba vile vile na swali hilo limekwisha. Sisi humtazama aliyesimama mlangoni na sahani. Kompyuta haina mlango, ina maneno ya jirani tu.

Vivyo hivyo "nipe mbuzi": mnyama, au ile ya kukunia nazi? Ukisema mbuzi huyu au mbuzi hii, ngeli imeshajibu. Ngeli hizo hizo watu wanazozilalamikia!

Na kuna wanaouita utata hata "yeye ni daktari", kwa kuwa mashine ya tafsiri ikiipeleka kwa Kiingereza huweza kumfanya daktari mwanamume bila kuuliza. Hapo hakuna kilichotatana. Kiswahili kimenyamazia jinsia. Kiingereza ndicho kinachoidai, na mashine ikakisia. Kunyamaza si kusema mawili.

Bwana yule angesema maneno yetu yana viambishi vingi na kompyuta inahitaji mifano mingi kuvizoea, ningemwelewa mara moja. Angeuliza habari ya -wa-, ningemvutia kiti.