Eliya alilala kwanza

Huku kwetu Masasi, neno kujitenga halina sifa nzuri. Mtu akionekana amekaa peke yake chini ya mti saa nzima, hana jembe wala simu, watu wataanza kuulizana: amefiwa? Anadaiwa? Wengine watanong'ona mambo ya uchawi. Ndiyo maana nikiwahimiza waumini ninaowalea watafute faragha na Mungu, swali lao la kwanza huwa, "Padri, watu watasemaje?"

Nawaelewa. Lakini someni Marko sura ya 1. Jioni mji wote umejaa mlangoni, Yesu ameponya wengi. Alfajiri na mapema sana anatoka kwenda mahali pasipokuwa na watu, anaomba. Simoni na wenzake wanamfuata: "Watu wote wanakutafuta." Naye harudi! Anasema twendeni vijiji vingine, nako nikahubiri. Kila nikifika hapo nasimama. Asiyepata faragha huitika kila anayemwita, na mwisho hajui tena ni wito upi uliotoka kwa Mungu.

Mimi nililijua hili kwa kichwa tu. Kuna mwaka nilizika watu watano ndani ya mwezi mmoja, nikawa naongoza ibada huku moyo umekauka. Nikaenda mafungo ya siku tatu Ndanda, kwenye abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Wabenedikto. Walianza pale mwaka 1906, baada ya misheni yao ya Nyangao kuchomwa katika Vita vya Majimaji. Baada ya sala ya mwisho ya usiku hapasikiki neno, kama Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inavyoagiza tangu karne ya 6. Nilikuwa na daftari na ratiba ya sala. Nikalala. Kengele ya alfajiri sikuisikia, ya mchana nikaisikia kwa mbali. Mtawa wa wageni akabisha hodi: "Padri, chakula tayari." Hakuuliza lolote. Nikala, nikalala tena, na aibu juu.

Jioni nilifungua 1 Wafalme 19. Nabii Eliya yuko chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Malaika hamkemei wala hamhubirii. Anamgusa, kuna mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena, anaamshwa mara ya pili, anakula. Ndipo anatembea siku 40 hadi mlima Horebu, na huko ndiko anakoisikia sauti ndogo ya utulivu. Usingizi na mkate vilitangulia.

Tangu hapo simwambii mtu aliyechoka aongeze maombi. Namwuliza analala saa ngapi kwa usiku.

Wengine hudhani kupumzika ni uvivu, hasa msimu wa korosho, Jumapili watu wakiwa shambani. Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inatoa sababu ya Sabato: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Mtumwa hana siku yake. Kanisa letu la Masasi lilianza mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, walioletwa na Askofu Steere wa Kianglikana kutoka Zanzibar. Sisi tulipaswa kuielewa amri hii kuliko wengi.

Kuanza, nusu saa yatosha. Simu iache nyumbani, mwenzako ajue ulipo. Mkorosho mkubwa unafaa sana: matawi yameshuka, unainama ili uingie, na ndani kuna kivuli na harufu ya mabibo yaliyoanza kuchacha. Chukua mstari mmoja tu wa Zaburi. Dakika za kwanza kichwa kitajaa deni la salfa ya kupulizia mikorosho, ada ya mtoto, maneno ya shemeji. Usipigane nayo. Rudi kwenye mstari wako, hata mara ishirini.

Ugumu wa kweli uko kwa akina mama, na hapo kanisa lisiishie kwenye mahubiri. Mtu ambebee mtoto. Mama mmoja wa mtaani kwetu alikubaliana na jirani yake wapokezane kila Alhamisi, saa moja moja. Wiki ya kwanza alinijia kwa masikitiko: "Padri, nilifunga macho niombe, nikapitiwa na usingizi mpaka nilipoitwa."

Nikamwambia Alhamisi ijayo aende tena, na abebe mkeka.