Uswazi siyo uvamizi: yanayosemwa kuhusu Dar na ukweli wenyewe

Kuna maneno kuhusu jiji letu yamerudiwa mpaka watu wanayachukulia ni kweli, na linaloniuma zaidi ni hili la kwamba watu wa uswahilini wamevamia, wamejenga kiholela, basi wakibomolewa wamejitakia. Jamani hapana. Inakadiriwa zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa Dar wako kwenye makazi yasiyopimwa, sasa hao wote ni wavamizi? Wengi walinunua kwa mwenye shamba, wakaandikishana kwa mjumbe au serikali ya mtaa, mashahidi wakasaini, hela ikatoka. Walifanya hivyo kwa sababu viwanja vilivyopimwa vilikuwa vichache na bei haishikiki. Ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima kweli, Bunju, Tuangoma, Kibada huko, lakini mama ntilie wa Tandale angeitoa wapi hela ya kiwanja kwa mkupuo? Na siyo maskini tu, kuna maghorofa Goba na Kimara yalitangulia kabla ya wapimaji na sijasikia mtu akimuita mwenye ghorofa mvamizi. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 yenyewe inawatambua hawa watu, ndo maana kuna leseni za makazi na urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha maeneo ambayo watu walishajenga.

Wengine wanadhani mji umegawanyika wenyewe tu, wenye hela huku na wasionacho kule. Mgawanyiko ulipangwa. Wajerumani walianza kugawa kwa aina ya nyumba, Waingereza wakaendeleza, Oyster Bay ya Wazungu, katikati Wahindi, Waafrika Kariakoo na Ilala, pale Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kutenganisha Uhindini na Uswahilini. Lami, mabomba na mitaro vilifuata ramani hiyo hiyo, na mpaka leo mvua ikinyesha unaijua tofauti bila kuambiwa.

Halafu hii ya kwamba uswazi maisha rahisi. Chumba ni rahisi ndiyo, lakini piga hesabu ya maji. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Ukinunua dumu kwa shilingi 100 tu uniti imekutoka 5,000, hela ambayo mwenye bomba la DAWASA nyumbani halipi kwa uniti. Bado nauli, dada wa kazi anatoka Chanika huko pembezoni kwenda Masaki kwa wenye hela anaunganisha magari kwenda na kurudi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Asiyenacho analipia zaidi kwa kitu kile kile, na hili ndilo watu hawataki kulisikia.

Kuhusu maghorofa ya Posta, kwamba tukiwa kama London basi umaskini utaisha, mwanasosholojia Saskia Sassen alishaeleza tangu 1991 alipozichambua New York, London na Tokyo: zile ofisi za mabenki zinaleta mishahara minono na hapo hapo zinahitaji wafagiaji, walinzi na wapishi wa mshahara mdogo, wanaoishi mbali kwa sababu kodi ya karibu imewashinda. Dar ilikuwa na watu 4,364,541 sensa ya 2012, ya 2022 ikakuta 5,383,728, milioni nzima imeongezeka, na hao wengi wao hawajaenda Masaki.

Mwisho ni la barabara, maana hapa hata watu wazuri wanakosea. Lami, mitaro na taa zikiingia mtaani ni neema kweli, mafuriko yanapungua, bodaboda inafika mlangoni, mwanamke anatembea usiku bila woga, mimi nazitaka kila mtaa. Ila siyo kwamba wote wananufaika sawa. Mwenye nyumba anapandisha kodi, mpangaji aliyeishi na tope miaka yote ndo anahama lami ikifika, anasogea Mbagala ndani huko au Chanika, anaanza upya bila maji wala mtaro. Mwenye nyumba akibomolewa kuna fidia ya kudai, mpangaji mara nyingi hata jina lake halimo kwenye orodha. Kwa hiyo mkutano wa mtaa ukiitishwa kuhusu mradi, wapangaji nendeni, mjiandikishe, muulize kodi itakuwaje, na viongozi wa mtaa wasiwaambie kwamba hayo ni ya wenye nyumba.