Kemia ya uchanganuzi inamfaa nini mwanafunzi wa sayansi za viumbe?

Anayejiandikisha sayansi za viumbe hapa Lubumbashi huwa anawaza seli, mimea, vijidudu na damu. Ratiba inapotoka anakuta saa nyingi za kemia ya uchanganuzi, na kelele zinaanza: sisi si watu wa kemia, hii imetufuata ya nini?

Kemia ya uchanganuzi ni elimu ya kupima. Mbele ya maji, udongo, damu au kidonge, inauliza: ndani yake mna nini, na kwa kiasi gani? Watu wengi huitambua kwa mashine zake. Kwangu mimi uzito wake uko kwenye swali la tatu ambalo halisikiki sana: namba tuliyoipata tuiamini kwa kiasi gani?

Tuchukue lenga-lenga, yaani mchicha. Uyeyushaji wa shaba ulianza mjini hapa mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo ulipeleka moshi wa kiwanda kaskazini-magharibi, upande wa Penga Penga. Udongo wa huko umebeba metali: shaba, kobalti, kadimi, na risasi ambayo ni sumu. Sasa mwanafunzi wa biolojia anataka kujua kama risasi imefika kwenye mboga hiyo inayoliwa pamoja na bukari (ugali). Kwa macho hataona kitu. Jani lenye risasi linaweza kuwa la kijani na kunawiri kama lingine lolote.

Kazi inaanzia bustanini. Majani ya shina moja hayawezi kusemea bustani nzima, kwa hiyo anachuma huku na huku na kuyachanganya. Je, ayaoshe? Inategemea anachouliza. Kama anataka kujua mlaji anameza nini, ataosha vilevile mama anavyoosha jikoni. Kama anataka kujua mizizi imefyonza nini, vumbi lote lazima litoke kwanza. Akikosea hapa, hakuna mashine itakayomrekebishia, hata iwe ya bei gani.

Majani yanakaushwa, yanasagwa, na gramu 1 ya unga wake inachemshwa ndani ya asidi ya nitriki mpaka jani lenyewe lipotee na kibaki kimiminika. Kinachujwa, kisha kinajazwa maji safi ya maabara hadi mililita 25 kamili. Pembeni kuna chombo kingine kilichopitia hatua zote hizo, ila hakikutiwa jani. Hicho ndicho blanki. Wanafunzi hukiona kama kupoteza asidi bure, kumbe kinaonyesha risasi iliyotoka kwenye asidi, kwenye chupa au kwenye vumbi la chumba.

Mashine inayotumika mara nyingi hunyunyiza kimiminika hicho kwenye moto na kupitishia hapo mwanga wa taa iliyotengenezwa kwa ajili ya risasi peke yake. Atomi za risasi hula mwanga huo: zikiwa nyingi, mwanga unaofika ng'ambo unapungua. Lakini mashine haijui miligramu. Kwanza inapewa miyeyusho kadhaa ambayo kiasi chake cha risasi kinajulikana, unachorwa mstari wa grafu, ndipo sampuli inasomwa kwa kulinganishwa na mstari huo.

Tuseme sampuli imesoma miligramu 0.10 kwa lita, na blanki 0.02. Tunatoa, inabaki 0.08. Ndani ya mililita 25 hiyo ni miligramu 0.002, na kwa kuwa ilitoka kwenye gramu 1, tunapata miligramu 2 kwa kilo. Codex Alimentarius, yaani viwango vya chakula vya FAO na WHO, inaruhusu risasi miligramu 0.3 kwa kilo kwenye mboga za majani. Mtu mwenye haraka atapiga yowe.

Asubiri kidogo. Kiwango hicho ni cha mboga mbichi, na sisi tulipima unga mkavu. Jani bichi likiwa na maji asilimia 90, jibu letu linashuka hadi 0.2, chini ya kikomo. Na kama blanki ingesahaulika, tungeandika 0.25. Tena, usomaji mdogo kama 0.02 uko karibu na mwisho wa uwezo wa mashine ya moto, kwa hiyo namba zetu zinaweza kuyumba. Sampuli isiyoonyesha kitu inaandikwa "chini ya kikomo cha kugundua", haiandikwi sifuri.

Risasi ni mfano tu. Kupima sukari au protini ya damu kwa rangi kunafuata njia hiyohiyo ya mstari na blanki. Kuangalia kama kidonge kina dawa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi hufanywa kwa kromatografia, ambayo hutenganisha vilivyochanganyika kabla ya kuvipima. Na huyo aliyeianzisha, kisha akaipa jina mwaka 1906, Mrusi Mikhail Tsvet, alikuwa mtaalamu wa mimea akihangaika na rangi za majani. Wanaosema sisi si watu wa kemia wamkumbuke huyo.

Kwa anayeanza somo hili, ugumu hautatoka kwenye mashine, kwani mara nyingi fundi wa maabara ndiye anayeishika. Utatoka kwenye kubadilisha vipimo, kutoka miligramu kwa lita kwenda miligramu kwa kilo, na kwenye mkono wa kushika pipeti, kile kibomba cha kupimia kimiminika. La kwanza anaweza kulifanyia mazoezi nyumbani kwa kalamu na karatasi, wiki kadhaa kabla ya kuvaa koti jeupe.