Kile kiua cha njano cha Anglesey msiking'oe jamani

Msimu umefika tena na maswali ni yale yale, kwa hiyo naandika hapa mara moja ili mnaoenda matembezi Anglesey, kule Wales, msije mkasema hamkuambiwa. Naongelea Tuberaria guttata, kile cha petali 5 chenye madoa ya damu ya mzee katikati.

Swali linalonichosha ni hili, eti mbona Uhispania na Italia vimejaa vichakani? Ndio vimejaa, Mediterania ndio kwao! Extremadura huko, jimbo la Uhispania, watu wanaotafuta uyoga wa chini ya ardhi wanaanza kwa kuuangalia huu mmea kwanza, maana ule uyoga unaishi na mizizi yake (wa Oman mnaokula faga mshanielewa, ni jamaa mmoja). Lakini Uingereza ni kitu adimu, ukikitaka nenda Wales kaskazini magharibi, basi.

Sasa sheria. Ni ile ya Uingereza ya kulinda wanyama na mimea ya porini (Wildlife and Countryside Act) ya mwaka 1981, kifungu cha 13: kung'oa kwa makusudi mmea wowote wa porini, wowote, sio huu tu, ni kosa kama hujaidhinishwa. Aliyeidhinishwa ni mwenye ardhi au anayeitumia kihalali, au mtu aliyeruhusiwa na hao, au mwenye ruhusa ya maandishi ya halmashauri, na hata kama mwenye shamba kakuruhusu kwa mdomo mi nashauri upate karatasi. Adhabu ni jela mpaka miezi 6 au faini au vyote viwili, na kiwango cha juu cha faini kinahesabiwa kwa kila mche, yaani ukibeba michache ya kupanda kwenye chungu piga hesabu mwenyewe.

"Mi nimechuma ua tu." Sawa, kifungu hicho kinasema kung'oa, ila huu mmea ni mdogo, udongo wenyewe mwembamba juu ya mwamba, ukivuta unakuja nao mzima, na hapo kama ilikuwa makusudi au la sio mimi wa kuamua. Halafu ni wa mwaka mmoja tu, mwakani ilikuwa inategemea hizo mbegu ulizoondoka nazo.

Na wale wanaofika saa 8 mchana wanalalamika maua yameibiwa, hayajaibiwa, petali zinadondoka zenyewe kabla ya mchana. Nenda saa 3 au saa 4 asubuhi, siku ya jua.